Meli ya Kasenyi inajibu

Hii ilifikia Rachidi, fundi wa kusude wa hapa Ngezi, mwenye kuunga na kukata vyuma na moto, na Rachidi si mutu wa uongo. Patron mumoja, tajiri wa kuuzisha vyuma vya zamani, alimupeleka Kasenyi akate meli ya zamani ya basoda, ya jeshi, ile yenye ilikuwa inabebea meli zingine mafuta na chakula mu ziwa. Iko yulu ya muchanga tangu siye hatujazaliwa. Babu yake Rachidi ndiye alikuwa fundi wa motere, mashini ya ile meli. Rachidi alikubali tu, juu njaa haina babu.

Mbele ya kuwasha moto, fundi anagonga chuma, asikie fasi kutu imekula. Rachidi akashuka chini, pale motere ilikuwa inakaa. Giza kabisa. Akagonga: ko, ko, ko.

Chini ya miguu yake ikajibu: ko, ko, ko.

"Ni panya!" patron akapiga kelele toka inje. "Kata, mwoga weye!"

Rachidi akagonga mara tano. Ikajibu tano, pole pole.

Akatoka na chupa yake ya gazi. "Sikate. Na weye hautakata."

"Nitaleta fundi mwingine!"

"Leta. Atanikuta hapa."

Mupaka leo Rachidi iko kule, anaipaka meli rangi, anafukuza kila mutu mwenye nyundo. Nikamuuliza kama haogope.

"Nikiogopa, wataikata."

Lakini alichimba muchanga chini ya meli yote, hakuona kitu. Na yeye hagonge tena. Kila asubui inaanza yenyewe: ko, ko, ko. Kisha inanyamaza, inamungojea.