Walimuua Yaya Sefu kwa Sanduku la Maji

Nina umri wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, na mkono wangu wa kushoto haunyooki tena. Nilizaliwa Kalemie, karibu na bandari, katika familia ya Kiislamu ya watu wa ziwa. Babu zangu walivuka kutoka upande wa Kigoma na bidhaa zao, wakabaki. Wasomaji wenzangu, haya ninayowaandikia sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe...

Tangu utotoni nilikuwa mtu wa maswali. Mwalimu wa madrasa alinitoa nje kwa sababu ya maswali. Huko Lubumbashi, nilikosomea mazingira chuo kikuu, maprofesa walinichoka. Mtu akiniambia jambo, mimi huuliza: umeliona? Nani mwingine ameliona? Mama alikuwa akinitania, "Wewe Zaina, siku ya arusi yako utamwambia shehe aonyeshe kwanza diploma yake!" Tukacheka. Nani angejua kwamba arusi yenyewe haitakuwepo?

Nilipata kazi katika ofisi inayosimamia hifadhi ya msitu, milimani, mbele ya Kabimba. Vijito vya msitu ule hushuka hadi ziwani, na maji ya ziwa ndiyo tunayokunywa na kupikia. Ndani ya hifadhi kulikuwa na wachimbaji wa dhahabu, na wachimbaji hutumia zebaki, ambayo ni sumu. Je, ilikuwa imeshaingia majini? Hakuna aliyejua. Kazi yangu ilikuwa kuandika utaratibu wa kupima maji yale: yachotwe wapi, kwa namna gani, yabebwe vipi, ili hata nisipokuwepo mimi, mwingine afanye vile vile.

Niliandika kwa fahari! Kila mahali pa kuchotea tulipiga alama ya rangi nyeupe juu ya jiwe, tusije tukakosea siku nyingine. Chupa ziliingia kwenye sanduku la barafu, sanduku likafungwa kwa utepe, na halikufunguliwa mpaka maabara mjini. Hewa, joto, kidole cha mtu... kitu kidogo tu huharibu kipimo. Kati ya masharti yangu yote, hilo la kutolifungua njiani ndilo lililokuwa kali zaidi.

Aliyelibeba alikuwa Sefu, ndugu yangu mkubwa. Kwetu mkubwa tunamwita yaya. Yaya Sefu alikuwa na pikipiki nyekundu, mke aliyeitwa Mwajuma, na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Na aliyetuongoza msituni alikuwa Modeste.

Modeste... Hata sasa jina hilo linanikata pumzi.

Alikuwa mlinzi wa hifadhi, mzaliwa wa Kirungu, Mkatoliki, mrefu, mpole wa sauti. Alijua Kitabwa, Kiholoholo na Kibembe, na kila mtu wa milimani alimwelewa. Nilimpenda. Baba hakutaka kusikia habari hiyo. Binti yake, kwa Mkatoliki wa milima ya Marungu? Aliyetutetea ni yaya Sefu. Alimwambia, "Papa, mimi ninalala naye porini, ninamujua. Huyu kijana iko na roho nzuri." Baba akalegea, posa ikapokelewa.

Modeste alinipa onyo moja tu, kwamba nisiongee na wachimbaji. Alisema ni watu wakali, waliokimbia vita na jela, na kwamba wakiuliza jambo nimwachie yeye awajibu kwa lugha zao. Na mimi, mwenye maswali kwa kila mtu, nilikubali! Tulipita kambini kwao na glavu zetu na sanduku letu. Waliacha sululu wakatutazama. Sikusimama hata mara moja. Sikutoa hata salamu.

Baadaye maji yakaanza kuchafuka.

Ajabu ni kwamba hayakuchafuka kila mahali. Yalichafuka pale tu tulipopiga rangi. Mwezi huu kijito kilikuwa safi, tunapiga alama, tukirudi tunakuta ukingo umefukuliwa, mawe yamepinduliwa, maji mazito kama uji wa mtama. Niliishuku mashine yangu ya kupimia, nikaijaribu upya. Nilizishuku chupa. Nilishuku mvua. Nilimuuliza Modeste, akasema ni nguruwe pori, msimu huu wanatafuta mizizi. Nikaandika ukurasa mzima juu ya nguruwe pori!

Siku moja, penye maporomoko, tulikuta watu wakikatana. Naam, wakikatana. Wanaume walikuwa wameingia majini hadi magotini, panga mikononi, wakiligombania jiwe lenye rangi yangu nyeupe. Mmoja alipigwa begani, nyama ikafunguka, akaketi ndani ya maji kama mtu aliyechoka tu. Kijito kikashuka chekundu mbele ya viatu vyangu. Nilipiga kelele. Modeste alinishika kiuno akanivuta vichakani. Nikamuuliza wanagombea nini. Akajibu, "Mwanamuke. Hawa watu ni vile tu."

Niliamini. Mungu wangu, niliamini...

Safari iliyofuata Modeste hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana homa. Yaya Sefu alitania kwamba shemeji ameanza kuogopa milima kabla hajaoa. Tulikwenda wawili, tukachota, tukafunga sanduku, tukaanza kushuka kwa pikipiki.

Penye daraja la magogo tulikuta njia imefungwa kwa mawe. Wanaume walitoka pande zote mbili, wenye tope mpaka kwenye nyusi, mitarimbo na mipini ya sululu mkononi. Mmoja wao, mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyesema.

"Fungula sanduku."

Yaya Sefu alizima pikipiki akawasalimia vizuri. Alisema ni maji.

"Maji?" Yule wa kofia aliwageukia wenzake. "Munasikia? Kalemie iko na ziwa muzima mulangoni, na hawa wanapanda mulima kuchota maji! Tena wanayawekea barafu, yasipate homa!"

Walicheka wote. Hata yaya Sefu alicheka kidogo. Kisha akanitazama. Jicho lake liliuliza: nifungue?

Ndugu zangu, jicho lile naliona kila siku. Nilikuwa nimepanda mlima tangu alfajiri. Niliwaza kipimo, niliwaza hewa, niliwaza joto. Nikatikisa kichwa.

Yaya Sefu akaweka mkono juu ya kifuniko, akasema kwa upole, "Wandugu, haifunguliwe njiani. Iko sheria ya kazi."

Mtarimbo ulimpata shingoni kabla hajamaliza.

Alianguka na sanduku kifuani, hakuliachia! Walimpiga mikono ili aliachie. Nilisikia mifupa ya vidole... Niliruka juu ya mgongo wa mmoja nikamng'ata sikio. Alinitupa juu ya magogo, mpini ukashuka kwenye kiwiko changu, nikaona mkono wangu umegeukia upande usio wake. Mwingine alinikamata nywele, akanilazimisha kutazama. Walimwagia pikipiki petroli yake yenyewe wakaiwasha. Nilimsikia yaya Sefu akiita, "Zaina, kimbia..." Sauti yake ilikuwa na maji ndani. Kisha hakuita tena.

Walilipasua sanduku kwa sululu. Wakafungua chupa. Wakayaonja maji! Wakayachuja kwa shati, wakalitazama shati juani, wakalikamua, wakalitazama tena. Hakuna kitu. Yule wa kofia alisimama na shati bichi mkononi, na nikaona hofu inamwingia usoni.

"Modeste alisema iko humu," alisema. "Alisema zahabu iko penye rangi nyeupe, na ile nzuri kabisa iko kwenye sanduku. Tulimulipa!"

Moto ulikuwa ukinguruma, damu ilikuwa sikioni mwangu, lakini jina hilo nililisikia vizuri.

Walitaka kunimaliza na mimi, kwa kuwa nimeona nyuso zao. Aliyeniokoa ni Mama Feza, mama anayewapikia kambini. Alikuwa ameuona moshi, akaja mbio na mwiko mkononi, akajilaza juu yangu mzima mzima, akapiga kelele, "Munaua muntu juu ya maji? Mutaua na miye? Nani atawapikia, mashetani nyinyi?" Wakatawanyika mmoja mmoja, wakaingia msituni.

Lori lililobeba mawe ya chokaa ndilo lililotushusha Kalemie. Nilikaa nyuma, kichwa cha ndugu yangu mapajani, na vumbi jeupe la chokaa likamfunika uso mpaka nikashindwa kumtambua.

Tulimzika. Na matangani, wasomaji wenzangu, mnadhani ni nani aliyekuja, akavua viatu, akaketi mkekani na wanaume, akalia kuliko wote? Modeste! Homa ilikuwa imepona!

Sikupiga yowe. Niliingia jikoni nikachukua mchi wa kinu kwa mkono uliobaki mzima, nikaenda nikampiga usoni. Meno yake yalianguka mkekani. Nilimpiga tena. Watu walinishika, nikawaambia alichosema yule wa kofia. Kisha vijana wa mtaa wakamvamia. Walimburuta hadi barabarani kwa miguu, kichwa kikigonga mawe. Mmoja aliita, "Lete tairi!" Tairi likaja. Petroli ikaja. Mwajuma, mjane wa yaya, aliwapa kiberiti kwa mkono wake.

Niliwazuia mimi. Msinisifu, haikuwa huruma! Nilitaka aungue. Lakini nilikuwa na swali, na akiungua ningemuuliza nani? Nilijitupa kati yao, nikapiga magoti juu ya kifua chake, tairi likiwa tayari shingoni mwake, nikamuuliza kwa nini.

Alinijibu na mdomo uliojaa damu. Alisema mwanzoni wachimbaji walimuuliza ile rangi ni ya nini, naye akawaambia kweli, kwamba ni alama za maji. "Niliwaambia kweli, walinicheka. Niliwaambia uongo, walinipa kiti na nyama." Alisema alitaka arusi ambayo baba yangu asingeweza kuidharau. Alisema alidhani watachimba, watakosa, watachoka...

Nikamuuliza swali la mwisho. "Siku ya homa, ulijua wanatungoja darajani?"

Aligeuza macho pembeni. Nilinyanyuka juu ya kifua chake, na wakati huo polisi waliingia mtaani wakipiga risasi hewani. Wakamchukua na tairi lake shingoni.

Sasa yuko gerezani. Ametuma watu kuomba msamaha. Nimewarudisha na mikono mitupu. Mwajuma hanisemeshi. Tukikutana sokoni huvuka barabara, naye ana haki, kwani mmoja wa wale wa darajani, alipokamatwa, alisimulia kwamba mume wake alinitazama kwanza, na mimi nikatikisa kichwa.

Jeraha la mkono lilipokauka nilirudi milimani. Mama alilia, baba alinifungia mlango, nikatoka. Nilimkuta Mama Feza anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilimshukuru kwa maisha yangu, kisha nikamuuliza kwa nini watu wale waliamini uongo mkubwa vile. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Mutoto yangu, ulikuwa unapita hapa, hata 'jambo' hausemi. Muntu asiyesalimia anaficha kitu. Sasa sisi tungejua namna gani kama unaficha maji tu?"

Nilikaa chini pale pale kwenye majani, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Enyi vijana wenzangu mnaotoka vyuoni na mashine zenu, mkitumwa kwenye misitu na mito ya watu, nawasihi! Nilitilia shaka mvua, nilitilia shaka chupa, nilitilia shaka hata nguruwe wa Mungu. Mtu mmoja tu sikumtilia shaka, yule aliyesema kwa niaba yangu, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu ilinifaa kunyamaza. Msimpe mtu mwingine ulimi wenu, hata awe mchumba! Ketini na watu. Waelezeni wenyewe mnachotafuta. Wakicheka, waelezeni tena. Na mtu akiwashuku, acheni kipimo kiharibike, maana kijito kitakuwepo hata kesho kutwa, mtakichota upya.

Yaya Sefu nitamchota wapi?