Maji Aliyoyaota Samiha

Kalala chali, jamani! Samiha kalala chali, mto mmoja tu kichwani, wala hakukohoa! Najua mtaniuliza, mtu kulala nayo ni habari? Ngojeni basi niwarudishe nyuma, kwenye chumba kile cha Makorora kilichokuwa kinanukia udi na mtoto mchanga.

Samiha alikuja kwa mama yake, Bi Saleha, kulea uzazi wa kwanza, kama kawaida yetu. Mumewe, Uweso, alibaki Pangani na biashara yake ya nazi. Mtoto wao Mboni, kichwa tele nywele, alikuwa akinyonya na kulala. Pazia la kijani lilichuja jua la mchana, chumba kikawa kama kiko chini ya maji, na Samiha akielea humo, si macho si usingizi. Asubuhi anakandwa maji ya moto, mkanda unakazwa tumboni, kisha uji wa pilipili manga. Kutoka nje, mpaka arobaini.

Kila alasiri alimsimulia mwanawe jinsi alivyokutana na Uweso kwenye kivuko, gunia limepasuka, nazi zinabiringika ovyo.

"Basi nazi moja ikaja, ikaja..." Pumzi ikamwishia. "Zilizobaki kesho, mwanangu."

Kesho yake vilevile. Wiki ya nne hakufika hata kwenye gunia. Akilala chali anakohoa, kwa hiyo akawekewa mito miwili, mitatu, mwisho akawa anasinzia amekaa. Moyo unamwenda mbio na yeye katulia tu. Na akisinzia aliota amesimama pale mto unapoingia baharini, maji vuguvugu magotini, halafu kiunoni, halafu kifuani. Hayakumtisha. Yalimpanda polepole, kama mtu anayemfunika shuka.

Akamsimulia mama yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Maji ya bahari hayo!" Bi Saleha akajishika kichwa. "Mwanangu kapendwa na jini. Au kuna mtu kamtuma. Nani aliingia humu akamsifia mtoto?"

Ikawa kazi ni kumtafuta huyo nani. Wifi mtu akagombezwa kwa kusema mtoto mzuri bila mashaallah. Chumba kikafukizwa ubani mpaka kikohozi kikazidi. Ndugu zangu, ugonjwa umekaa kitandani, watu wanautafuta mtaa mzima!

Siku ya thelathini na moja akaingia Bertha, jirani muuza maandazi, mdomo haumlali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usimsifie mtoto!"

"Nimsifie nini, sura kama yangu? Namtazama mamake. Shoga, mbona miguu imeumuka kama mkate wa kumimina?"

Akaketi kitandani, akabonyeza dole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, akaliondoa. Shimo likabaki. Wote watatu wakalitazama, likakataa kujaa.

"Mama, maji anayoyaota haya hapa," Bertha akasema, utani umemtoka. "Yamo mwilini. Huenda ndiyo yanayomkaba kifua. Twende hospitali."

"Bado siku tisa. Nimezaa saba, sikuvunja arobaini hata moja."

Samiha aliwasikia kwa mbali, kama wanaongea ufukweni na yeye yuko chini. Akamtazama Mboni. Siku tisa hizo hanazo, hilo alilijua.

"Mama," akasema, akavuta pumzi. "Nivishe buibui."

Bi Saleha akaiona midomo ya mwanawe inaanza kuwa ya bluu. Akaufungua mkanda kwa mikono yake mwenyewe.

Hospitalini, Daktari Yona alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kipimo. Kwenye kioo cha mashine moyo ukaonekana, unapiga mbio lakini kinyonge, kama mtu anayepunga mkono usingizini. Samiha akauonea huruma.

"Misuli ya moyo imelegea," daktari akasema. "Huwapata baadhi ya wanawake mwisho wa mimba, au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Tumetafuta sababu nyingine, hatukuiona."

"Sasa ugonjwa huu umeletwa na nini?" Bi Saleha akauliza.

"Hatujui, mama."

"Hujui! Koti jeupe lote hilo, hujui?"

"Sijui, na walionifundisha pia hawajui sawasawa. Lakini kilichomo nakijua, na cha kufanya nakijua."

Wakamlaza. Akapewa dawa za kupunguza maji na za kuusaidia moyo. Nyumbani chumvi ipungue. Kila asubuhi apande mizani, na uzito ukiruka ghafla, arudi mbio. Asiache dawa eti kwa kuwa kapata nafuu. Na mimba nyingine asiifikirie kabla ya kuongea na daktari. Bi Saleha kayashika yote. Siku hizi hata wageni pale wanakula mchuzi chapwa!

Moyo haujarudi wote, utapimwa tena. Ila unaongeza nguvu.

FUNZO

Mzazi anayeishiwa pumzi, anayeshindwa kulala chali, anayevimba miguu na moyo kumwenda mbio, msimwambie ni uchovu wa uzazi. Mpelekeni siku hiyo hiyo, arobaini itamsubiri. Kuomba dua ombeni, lakini ombeni mkiwa njiani. Na msikwame kwenye kuuliza nani kafanya. Chanzo kinaweza kisijulikane kabisa, na mgonjwa bado akatibiwa.

Jana alasiri, pazia lile lile la kijani, Samiha kalala chali, Mboni yuko kifuani pake.

"Nazi moja ikaja, ikaja, ikanigonga kidole. Nikaiokota. Babako akanitazama, akasema..."

Akanyamaza. Bi Saleha akaruka kutoka mlangoni. "Pumzi, mwanangu?"

"Pumzi ninayo, mama," Samiha akacheka, akambusu mtoto utosini. "Zilizobaki kesho."