Saa Zetu Ndani ya Karai

—Wewe Maingi, saa ya kuzamia baharini, na hata kuogelea hujui?

Munyoki alinicheka mbele ya dada yake, Nzilani, nami nikazidi kuuinua mkono ili saa ionekane. Ilikuwa Jumapili, mwaka wa 1981, nyumbani kwao, mtaani Umoja. Kando yangu alikaa Kitonga, dereva wa lori. Sote wawili tulimtaka Nzilani, na sote wawili, kwa bahati mbaya, tulikuwa na saa mpya za kuzamia.

—Yangu ina siku na tarehe, nikajigamba. Yako Kitonga ni tarehe tu.

—Kweli, lakini yangu inang'aa gizani. Nikiendesha usiku sihitaji taa.

—Na ufunguo unatiaje?

—Si zote zinajitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, bwana? Hata bei ni ile ile. Tunatoshana.

Tunatoshana! Neno hilo lilinichoma. Mimi karani wa ofisini, shati jeupe na tai, nitoshane na mtu wa lori mbele ya Nzilani?

—Mimi ndiye nitawaamua, Munyoki akadakia. Hapa Umoja bahari yetu ni karai. Ile itakayokufa, mwenyewe asahau dada yangu!

Alikuwa anatania tu, lakini mimi nililichukua kama kiapo. Tulizivua, tukaziweka mezani. Nzilani alikuwa ameingia jikoni kupakua chakula. Munyoki akaenda kutafuta karai, na Kitonga, mtu asiyekaa bila kusaidia, akachukua ndoo kwenda bombani. Nikabaki peke yangu na saa zote.

Hadi leo nikikumbuka natafuta pa kuuficha uso. Nilichukua saa ya Kitonga, nikakilegeza kile kifundo cha ubavuni kinachokazwa ili maji yasiingie. Nikairudisha palepale.

Zilikaa majini dakika kumi. Yangu ikatoka ikitembea. Ya Kitonga ilikuwa na ukungu ndani ya kioo, na mishale imesimama. Munyoki alicheka hadi akashika mbavu.

—Pole bwana, umeuziwa bangili!

Nami nikacheka, tena kwa sauti kubwa kumshinda.

Kitonga aliifuta saa kwa shati lake, akakikaza kile kifundo.

—Labda sikuikaza vizuri. Kosa ni langu, jamani. Tuleni.

Baada ya chakula niliaga. Nzilani akanisindikiza hadi kwenye kona ya barabara, akasimama.

—Maingi, jibu langu ni ndiyo. Mwambie mzee wako aje amwone baba.

—Ni kwa sababu ya saa?

—Saa gani tena! Niliamua tangu Ijumaa, na Kitonga nikamwambia. Leo amekuja ili msiwekeane kinyongo. Ameniambia, "Nzilani, huyo ni mtu mwaminifu, usimwache."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mke nilikuwa nimeshampata, na bado nikafanya hila. Nilishindwa kunyamaza.

—Nzilani, ile saa niliilegeza mimi.

Alinitazama kana kwamba hanijui.

—Ukamsikia akisema kosa ni lake?

—Ndiyo.

—Na ukacheka?

—Nilicheka.

—Twende ukamwambie.

Tuliwakuta Kitonga na Munyoki wakinywa chai. Nilisema yote nikiangalia sakafu. Utani wote ulimwisha Munyoki.

—Nilijua, Kitonga akasema polepole. Niliikaza mwenyewe kabla ya kuivua.

—Na mbona hukusema? Nzilani akamuuliza.

—Ulikuwa na furaha leo. Ningekuharibia kwa nini?

Heri angenipiga. Nilimgeukia Nzilani nimwombe msamaha, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Kitonga, machozi yakimlengalenga.

—Maingi, akasema bila kugeuka, usimwambie mzee wako kitu. Asije.