Leseni ya Rukaya

Rukaya alikamata mkono mmoja wa koti, mwanamume mrefu akakamata mkono wa pili, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Belo la mitumba lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa pale sokoni Kiboriloni, akina mama wanasukumana, wauzaji wanapiga kelele kama wamelipwa kwa kelele.

"Dada, wewe unaonekana ni wa mjini," yule mwanamume alisema. "Joto lote la Moshi, koti la nini?"

"Kwani umeteuliwa kugawa makoti?"

"Ni la mama. Kwetu Kilema baridi ya Julai inakohoza mpaka mbuzi."

Rukaya akacheka, na kicheko ndicho kilichomponza, maana koti lilimtoka mkononi. Alikuwa amevaa baibui la bluu iliyokolea na mtandio wa njano. Yule bwana shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka makunyanzi yakakoma, na kalamu mbili mfukoni. Akajitambulisha: Basili, ana duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi.

"Najaza fomu za watu. Pasipoti, kiwanja, cheti cha kuzaliwa. Nikijaza mimi, dada, hairudi."

Jamani, wanaume na majigambo! Lakini siku hiyo Rukaya alikuwa na shida ya fomu hasa, na akasimama kumsikiliza.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Rukaya, mtoto wa Pasua, alikuwa na duka la mabaibui na manukato hapo hapo Kiboriloni. Kaka yake Shakiru alifanya kazi Muscat. Vijana wa Moshi walioko huko walimpa Shakiru hela za mama zao. Shakiru akampigia simu dada yake kumtajia majina, na Rukaya akawapa akina mama kutoka kwenye mauzo ya duka. Zile hela za huko Shakiru alinunulia mabaibui na manukato, akatuma. Ilikwenda vizuri miaka miwili, hadi ofisa mmoja alipoingia dukani, akatazama foleni ya akina mama ambao hawakununua hata kibanio cha nywele, akamwambia kistaarabu kabisa kwamba hiyo ni biashara ya kutuma na kupokea fedha, na bila leseni ni kosa la jinai. Aache leo leo.

Rukaya akaacha. Lakini akina mama hamsini na kitu walikuwa wanamsubiri, na mwenye nyumba alimshikia chumba cha mbele cha kufanyia kazi hiyo, kinachotazama barabara, mpaka mwisho wa Agosti tu. Ukipita huo, atapewa mwingine, na wateja watakwenda na chumba.

"Sasa mimi nahitaji leseni gani?" alimuuliza Basili.

Basili hakupepesa macho. "Ya duka la kubadilisha fedha. Hela si zinatoka nje? Basi ndiyo hiyo hiyo."

Ukweli ni kwamba Basili hakuwa anajua chochote. Lakini yale macho yaliyopakwa wanja yalikuwa yanamwangalia yeye peke yake, na kinywa chake hakikuzoea kukiri ujinga.

Wakaanza kujaza makaratasi pamoja, na makaratasi yakazaa mengine. Kila saa saba mchana simu ililia.

"Bi Leseni, umekula?"

"Nimekula ndizi nyama. Na wewe?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Haya, kesho usije ukaanguka mbele ya wateja wako, mimi simo."

"Nikianguka utakuja?"

"Nitakuja kuchukua faili langu."

Akikata simu Rukaya alibaki anatabasamu peke yake kati ya mabaibui. Alimpenda, tuseme wazi. Alimpenda kwa jinsi alivyoandika majina ya watu polepole, kwa heshima. Akapaka rangi chumba cha mbele, akaweka nondo dirishani na kaunta ya kioo.

Katikati ya Agosti alipiga simu Benki Kuu mwenyewe kuuliza maombi yanataka nini zaidi. Mama aliyepokea alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, leseni hiyo ni ya kununua na kuuza fedha za kigeni. Kupokea hela za watu kutoka nje na kuwafikishia wenyewe, hiyo haikuruhusu. Nani alikuelekeza huko?"

Rukaya alikwenda stendi kwa miguu, jua la mchana kichwani. Basili alipomwona tu usoni, aliweka kalamu chini.

"Ulikuwa unajua?" Rukaya aliuliza.

Basili akaanza kupanga karatasi mezani.

"Basili, nakuuliza. Unajua tangu lini?"

"Wiki mbili. Nilisoma kanuni, nikaona nimekosea. Nikawa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Siku nzuri!" Rukaya alipiga meza kwa kiganja. "Wiki mbili unaniuliza nimekula nini, na mimi naweka nondo! Kutojua ni kwa kila mtu, hilo ningekusamehe hapo hapo. Ila umeniacha nakimbilia shimoni ukiwa unaliona."

Akachukua faili lake, akatoka. Simu ikalia njia nzima, naye hakupokea. Usiku huo hata mama yake, ambaye huongea na kila mtu, hakuthubutu kumsemesha.

Siku ya nne ukaja ujumbe: "Nimekwenda Benki Kuu, tawi la Arusha. Nimeuliza kila kitu, nimeandika. Nimefunga duka, niko Kilema namchumia mama kahawa. Ukiniruhusu nitakuletea karatasi. Usiponiruhusu nitampa mtu akuletee."

Zilibaki siku tisa. Rukaya alisema anafuata karatasi tu, na kwa ajili ya karatasi tu, haya, alipaka wanja na kuvaa mtandio mpya.

Huko juu ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Mama mmoja mfupi alitoka jikoni, amevaa koti la sufu lililomfika magotini. Rukaya akalitambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa leseni." Mama yake Basili, Dominika, alimtazama vizuri. "Yuko shambani. Huyo kijana tangu arudi hali, hanywi, anachuma tu, hata zile mbichi."

Basili alikuwa kati ya mibuni, kapu kiunoni, shati jeupe limechafuka lote. Hakujitetea. Alitoa karatasi mfukoni.

"Njia ziko mbili. Ya kwanza, leseni yako mwenyewe ya mfumo wa malipo. Unasajili kampuni, unaweka mtaji, mitambo, na utaratibu wa kumtambua kila mteja. Mtaji wenyewe huu hapa."

Rukaya akausoma. Hata wakiuza nyumba ya kwao Pasua usingetimia.

"Ya pili, unakuwa wakala wa kampuni ambayo tayari ina leseni. Shakiru asiguse tena hela ya mtu. Vijana watume wenyewe kupitia kampuni huko huko, mama zao wapokee kwako. Jina mlangoni litakuwa la kampuni."

"Wewe ungechagua ipi?"

"Leseni si yangu. Sitakuchagulia tena."

Iliuma. Kichwani alikuwa ameshalichora jina lake juu ya ule mlango, kubwa, la kijani. Lakini akina mama hawakumfuata kwa sababu ya kibao. "Wakala," alisema mwishowe. "Kubwa itakuja nikikua. Mkataba utakuwa tayari kabla ya tarehe thelathini na moja?"

"Sijui. Waliniambia inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuzidi."

Rukaya akampigia mwenye nyumba papo hapo, akaomba wiki tatu, wakavutana bei, akapewa mbili. Basili alimsubiri mpaka akaweka simu kwenye pochi.

"Rukaya, nilikuongopea kwa sababu niliogopa utaondoka. Ukaondoka kweli. Nakupenda. Nataka nikuoe."

Rukaya akakunja karatasi, akaitia kwenye pochi. Hasira ilikuwepo bado, lakini imekonda.

"Mama yako atakubali mkwe Muislamu?"

"Sijui."

"Na padri wenu?"

"Sijui. Wala wa kwenu Pasua sijui watasemaje. Najua mimi tu ninachotaka."

Rukaya alimtazama yule mwanamume aliyejaza fomu zote za Moshi, amesimama hana jibu hata moja, na hajakimbia. Macho yakamjaa machozi, wanja ukamharibika, naye hakujali.

"Basi tuanze na aliye karibu," alisema, akatangulia kuelekea jikoni kwa mama.