Mteule wa Nyumba ya Oxon Hill

Foleni ya posta ya Lanham ilifika mlangoni Jumamosi ile ya Machi 1998. Kipchumba, Mkenya aliyesafisha mazulia ya ofisi ughaibuni, mjini College Park, alikuwa na barua themanini ndani ya mfuko wa plastiki. Nyuma yake alisimama Elieth, Mtanzania, muuguzi msaidizi, sare yake ya kijani imepigwa pasi mpaka mikononi. Alizitazama bahasha zile kwa muda.

"Kaka, unaomba kazi au unatafuta mke?"

"Natafuta nyumba, dada. Mke hapatikani kwa stempu."

"Kwa mwandiko huo, hata nyumba huipati."

Alisema kweli. Kufikia Mei anwani zote ziliandikwa na Elieth, mezani kwake, Kip, kama alivyomwita sasa, akilamba stempu na kutaniwa. Barua zilikwenda kwa wenye nyumba zilizoachwa tupu. Kip alimwambia kwamba ananunua nyumba kwa bei ya jumla, kama alivyosikia kwenye kaseti za mafunzo. Nusu ya pili ya kazi hiyo hakuieleza, kwani yeye mwenyewe alikuwa bado hajaielewa vizuri: mnunuzi wa namna hii hanunui. Anatia sahihi mkataba, kisha anamwuzia mtu mwenye fedha haki ya kununua.

Mwezi Juni mjane mmoja wa Oxon Hill alijibu. Kip alimpigia Elieth kazini.

"Nimepata, mpenzi. Ya matofali, vyumba vitatu. Mama ametia sahihi."

"Mkataba una jina lako?"

"Langu, and-or assigns."

"Sema Kiswahili, bwana. Nyie Wakenya mnanichosha."

Kip alifikiri. Shuleni Kiswahili chake kilisifiwa, naye alitaka neno sahihi.

"Mimi au mteule wangu."

Elieth alisogea na simu hadi dirishani.

"Basi nimekubali," Elieth alisema, taratibu.

Kip alidhani amekubali tafsiri.

Jioni hiyo Elieth alinunua kadi ya simu, akampigia mama yake Bukoba, akamwambia kwamba amepata mchumba, na nyumba imeshapatikana. Kufikia Jumapili parokia nzima ya Bukoba ilikuwa na habari.

Wiki tano baadaye alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, akatia futi ya fundi cherehani mkobani na kupanda basi hadi Oxon Hill kupima madirisha. Mlangoni alimkuta mwanamume akibadilisha kitasa. Aliitwa Gitau, mjenzi. Elieth alimweleza kwamba nyumba ni ya mchumba wake, Kipchumba.

"Huyo aliniuzia contract, dada. Jana tumemaliza na mama mwenyewe. Mimi ndiye assignee."

"Ni nini hiyo?"

Gitau alikuwa mtu wa kupenda kueleza. "Mteule. Yule ameteuliwa anunue badala yake," alisema.

Elieth hakujibu simu kwa siku ishirini. Kip alimtafuta kanisani, akaambiwa amebadilisha misa. Mwishowe alimngoja nje ya nyumba ya wazee alikofanya kazi, akaanza kumweleza kifungu kile kisheria.

"Maana yake naijua sasa," Elieth alimkatiza. "Mimi nilimwambia mama kwamba mteule ni mimi."

Hilo Kip hakulijua. Aliketi kwenye ukingo wa barabara, suruali yake nzuri ndani ya vumbi.

"Ungeniuliza, Elieth."

"Nilikuuliza. Nilisema uniambie kwa Kiswahili."



Septemba bahasha ilifika kwa posta, anwani imeandikwa kwa mwandiko mbaya ule ule. Ndani mlikuwa na mkataba wa nyumba ndogo ya Lanham. Wanunuzi: Kipchumba na Elieth. Maneno yaliyofuata, "au mteule wao", yalikuwa yamekatwa kwa mstari wa rula, na pembeni pametiwa herufi za jina la Kip. Elieth aliusoma mara mbili, akasahihisha jina la baba yake mwenyewe lililokosewa, kisha akapiga simu.

"Hapa pameandikwa mnunuzi ana siku thelathini za ukaguzi, na anaweza kujitoa. Zinanihusu?"

"Zinakuhusu."

"Ni za kukagua nyumba, au wewe?"

"Vyote."

"Basi nitazitumia zote."

Alikata simu, akazungushia tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Kadi ya simu ya kumpigia mama ilikuwa bado na dakika kumi na mbili. Aliirudisha kwenye droo.