Sauti Iliyotoka Nyumbani Bila Mwenyewe

Kila siku baada ya chakula cha mchana, nyumba ile ilipunguza mwendo. Jua liliingia kwa dirisha la saluni, likagonga kioo kikubwa, likatetemeka ukutani kama maji ndani ya beseni. Feni ilizunguka polepole. Wateja walisinzia huku wakisukwa. Hata maji ya bomba la uani yalidondoka kwa uvivu.

Saluni hiyo zamani ilikuwa sebule. Msusi alikuwa binti wa Bi Nesi. Chumba cha pili alilala Bi Nesi mwenyewe na mjukuu wake wa miaka minne, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama ndogo shavuni.

Bi Nesi alikuwa amestaafu. Kwa miaka thelathini aliwauguza watu wa mtaa ule katika zahanati yao, na kila asubuhi alisimama mlangoni akiita majina ya wagonjwa. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa imenyooka. Ukiisikia, unasimama kabla hujajua kwamba umeitwa.

Kidoti hakulala mchana ila kwa sauti hiyo. Bibi alimsimulia habari za samaki aliyeishi ndani ya wingu, na mtoto alizama usingizini taratibu, mdomo wazi.

Kisha dada yake Bi Nesi akaugua, katika mji mwingine. Bi Nesi akafunga mizigo ya wiki tatu.

"Sasa huyu nani atamlaza?" aliuliza msusi. "Mimi nina vichwa vya watu hapa."

"Mlaze wewe. Si mwanao?"

"Mama, mimi nikisimulia, ananisahihisha." Msusi akatoa simu. "Lakini nimepata dawa. Kuna programu ya bure. Unaisomea sentensi arobaini, inajifunza sauti yako. Mimi nikiandika hadithi, yenyewe inaisoma kama wewe."

"Ijifunze sauti yangu kwa sentensi arobaini? Mimi mwenyewe imenichukua miaka sitini na miwili!"

Wakacheka. Kwenye simu ukatokea ukurasa mrefu wa maandishi madogo madogo.

"Haya yote yanasema nini?"

"Masharti tu, mama. Kila mtu anabonyeza."

Huyu ndiye Bi Nesi ambaye hakuwahi kumruhusu mgonjwa aingie chumba cha upasuaji mdogo kabla ya kusomewa karatasi ya ridhaa mstari kwa mstari. Madaktari walikuwa wakimlalamikia kwamba anachelewesha kazi. Siku hiyo alivaa miwani, akasogeza ukurasa juu, akaona hauna mwisho. Akavua miwani. Akabonyeza palipoandikwa "Nakubali".

Akasafiri. Kidoti akalala vizuri kila mchana. Bi Nesi akarudi, dada yake amepona, na hakuna aliyeikumbuka tena programu ile.

Miezi miwili baadaye, Bi Nesi alikwenda kwa Fundi Saa kuchukua saa yake ya mkononi. Duka la Fundi Saa lilikuwa jembamba kama ujia. Kuta zote zilikuwa saa, na kila saa ilikuwa na wakati wake. Ukisimama humo kidogo, unasahau kama ni asubuhi au jioni.

Alipofika mlangoni, alisikia mtu akiongea ndani. Akasubiri amalize, kwa adabu. Sauti ilikuwa tulivu, imenyooka, kama ya mtu anayekujali.

Kisha akatambua kwamba anayeongea ni yeye.

Bi Nesi akajishika koo. Midomo yake ilikuwa imefumbwa. Saa zililia tiki-taka kote ukutani, na katikati yake sauti yake iliendelea kusema: "Ndugu yangu, vidonge vya presha vinachosha mwili. Viache. Kunywa poda hii ya majani, kijiko kimoja tu asubuhi, nawe utapumzika." Alijifinya mkono. Ukauma. Haikuwa ndoto.

"Karibu, Bi Nesi!" Fundi Saa alisema, simu mkononi. "Nilikuwa nalisikiliza tangazo lako hapa. Umenisaidia kweli. Vile vidonge nimevitupa."

"Umefanya nini?"

"Nimevitupa, wiki ya pili sasa. Si ulisema wewe mwenyewe?"

Bi Nesi alimtazama vizuri. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu. Kisogoni."

"Funga duka."

"Bi Nesi, nina saa tatu za watu..."

"Nimesema funga duka!"

Zahanati walimpima. Mia na tisini kwa mia na kumi na tano. Muuguzi mchanga akakunja uso, akamwita daktari. Daktari akamwandikia tena vidonge vyake na kumweka kitandani hadi jioni chini ya uangalizi. "Mzee, presha mara nyingi haiumi," alimwambia. "Kujisikia vizuri si kupona. Usiache dawa bila kutuuliza sisi."

"Nilimuuliza Bi Nesi," Fundi Saa alijibu, huku amemkazia Bi Nesi macho.

Maneno hayo yalimfuata Bi Nesi njia nzima. Alitembea kama mtu anayetembea chini ya maji. Mtaani humo wangapi walikuwa na presha? Wangapi walikuwa wameisikia?

Saluni ilikuwa na mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Bi Nesi akawaeleza. Msusi akaangusha kitana.

"Ni ile programu! Mama, nisamehe. Naifuta sasa hivi."

"Kufuta hakusaidii," alisema mteja. "Si alibonyeza 'nakubali'? Ukishabonyeza, umekwisha. Hata mahakamani watakuuliza, nani alikushika kidole?"

"Wewe tulia, nusu kichwa bado kiko mikononi mwangu," msusi alimjibu.

"Nasema ukweli! Mambo ya mtandao hayana mwenyewe."

"Usifute!" Sauti ilitoka mlango wa uani. Alikuwa Mpangaji, msichana aliyekodi chumba cha nyuma. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayosimamia sheria ya kulinda taarifa za watu. Alikuwa amevaa kanga na kushika ndoo, maana alikuwa njiani kuoga. "Ukifuta, unafuta na ushahidi. Nipe simu."

Aliweka ndoo chini, akaketi kwenye kiti cha wateja. Alipiga picha ya ukurasa wa masharti. Akatafuta lile tangazo la poda, akalihifadhi, akaandika tarehe na mahali alipolipata.

"Mwanangu," Bi Nesi alimwambia, "huyu anasema nimekwisha. Na kubonyeza nilibonyeza."

Mpangaji alifikiri kidogo. "Bi Nesi, mgonjwa akikubali kung'olewa jino, daktari anaruhusiwa kumkata mguu?"

"Astaghfirullahi! Hata kidogo."

"Kwa nini? Si amekubali?"

"Amekubali jino."

"Basi. Na wewe ulikubali hadithi za mtoto. Poda hukuikubali." Alisogeza ukurasa kwa kidole. "Angalia hapa, sharti la kumi na tisa. Wanasema wanaweza kuwapa washirika wao sauti yako. Wameificha katikati, kwa maneno magumu. Sheria yetu inataka mtu aelezwe wazi, kwa lugha anayoielewa, taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Na sauti ni taarifa yako, kama alama ya kidole. Inakutambulisha."

"Na kama ningesoma, nikakubali kwa akili timamu?" Bi Nesi aliuliza.

"Bado una haki ya kubadili mawazo na kuwaambia waache. Mgonjwa si anaweza kukataa hata akiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji?"

"Anaweza. Nimewarudisha wengi na magongo yao."

Mteja alikohoa. "Kwa hiyo nilichosema mimi..."

"Ulichosema wewe wanasema wengi, dada. Ndiyo maana kampuni hizi zinalala usingizi mzuri."

Jioni hiyo waliandika barua pamoja, msusi akiandika, Mpangaji akieleza. Haikuwa ndefu. Ilisema: mimi ni nani, sauti yangu mliichukua lini na kwa kazi gani, nimeikuta wapi. Acheni kuitumia. Futeni sauti na sentensi zangu zote. Nijibuni kwa maandishi. Walituma kwa anwani ya kampuni, wakabaki na nakala. Mpangaji alisema kampuni isipojibu vizuri, watapeleka malalamiko ofisini kwake, na hatua hiyo haihitaji wakili. Tangazo la poda akawapelekea siku hiyohiyo wakaguzi wa dawa, kwa sababu lilikuwa linahatarisha maisha.

"Barua itachukua siku ngapi?" Bi Nesi aliuliza.

"Wiki kadhaa."

"Na walioacha vidonge leo?"

Bi Nesi akatafuta viatu vyake, akaviweka tayari mlangoni.

Kesho yake asubuhi alianza mwanzo wa mtaa, mlango kwa mlango. Hapo ndipo alipoonja uchungu wenyewe. Nyumba ya nne, mwanamke alimjibu bila kufungua.

"Nani?"

"Ni mimi, Bi Nesi. Ile poda si maneno yangu. Rudi kwenye vidonge vyako, mama."

"Juzi uliniambia niviache. Leo niviamini. Nitajuaje yupi ni wewe?"

Miaka thelathini sauti hiyo ilikuwa imefungua kila mlango. Sasa ilisimama nje kama mgeni asiye na kitambulisho. Bi Nesi akatamani kukasirika. Lakini mwanamke yule alikuwa ameuliza jambo la maana.

"Umefanya vizuri kuuliza," alisema. "Usiniamini kwa sauti. Chungulia dirishani unione. Kisha usiniamini mimi pia, twende zahanati wakupime."

Pazia likasogea. Jicho moja likamtazama kuanzia kilemba hadi viatu. Mlango ukafunguka.

Kuanzia nyumba hiyo, Bi Nesi alibadili maneno yake. Kila alipobisha alisema: "Toka nje unione." Aliwaambia watu kwamba siku hizi sauti inaweza kuigwa, hata ya mama yako. Mtu akikupigia simu au ukisikia tangazo likikutaka ufanye jambo zito, usilifanye hapohapo. Kata. Mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua, au mwendee. Siku tatu alitembea. Aliwakuta watu sita walioacha vidonge. Wote sita aliwafikisha zahanati.

Kampuni ilijibu baada ya wiki mbili, mistari miwili: Bi Nesi alikubali masharti, hawana la kufanya. Msusi alitaka kuichana ile karatasi.

"Usichane, ni zawadi," Mpangaji alisema. "Wamekiri kwamba sauti wanayo." Malalamiko wakayapeleka ofisini kwake, lakini kwa sababu Bi Nesi alikuwa jirani yake, yeye hakushika shauri hilo. Alilikabidhi kwa mwenzake pamoja na nakala zote.

Siku zikapita, nyepesi kama nywele zinazopeperushwa sakafuni na feni. Bi Nesi alirudia kumsimulia Kidoti, lakini alisimulia kwa sauti ya chini sana, kama anayeogopa kuta. Mara nyingine alinyamaza katikati, akisikiliza kama kuna mwingine anayemalizia.

Miezi mitatu baadaye, uamuzi wa ofisi ile ukaja. Kampuni iliamriwa kufuta sauti ya Bi Nesi, kuwazuia wote waliopewa, na kuandika upya masharti yake kwa lugha nyepesi. Wauza poda nao walikuwa wamekwisha kufungiwa na wakaguzi. Msusi alisoma karatasi hiyo kwa sauti katikati ya saluni, mara mbili, maana wateja walidai irudiwe. Kisha wote wakafungua simu zao. Wakakagua programu moja moja: hii inataka sauti ya nini? Hii inataka picha zangu za nini? Programu waliyoshindwa kuitolea jibu, waliiondoa. Siku hiyo hakuna kichwa kilichomalizika kwa wakati.

Wiki iliyofuata, daktari wa zahanati alikuja nyumbani na karatasi. "Bi Nesi, tunaomba sauti yako. Tuweke kipaza sauti getini, iwakumbushe watu kupima presha. Nimesita kukuomba, kwa yaliyokupata."

Bi Nesi alivaa miwani. Karatasi ilisema sauti itatumika kwa kazi gani, mahali gani, kwa mwaka mmoja, na kwamba akisema basi, itazimwa siku hiyohiyo. Alisoma mstari kwa mstari. Msusi alimaliza kusuka mtu na kuanza mwingine. Chai ya daktari ikapoa.

"Hapa mmeandika 'na kazi nyingine za afya'," alisema. "Kazi gani?"

"Zozote zitakazo..."

Bi Nesi akaikata sehemu hiyo kwa kalamu. Daktari akaweka saini pembeni. Bi Nesi naye akaweka yake.

Jumatatu asubuhi alikuwa akipita na Fundi Saa mbele ya zahanati. Ukungu mwembamba ulikuwa bado umelala barabarani. Kutoka getini sauti tulivu ikasema: "Ndugu yangu, pita ndani upime presha. Na dawa yako usiiache bila kumuuliza daktari."

Fundi Saa akasimama ghafla, kabla ya kujua kwamba ameitwa. Akageuka, akamtazama Bi Nesi mdomoni.

"Huyo nani?"

"Ni mimi."

"Una hakika?"

Bi Nesi alifungua mkoba, akamwonyesha karatasi. Fundi Saa akaisoma yote, mpaka saini. Kisha akaingia ndani kupimwa.