Shimo Katika Pichi ya Bellemont

Mwizi aliliacha kombe la fedha kabatini, akaiacha na mashine ya kukatia majani. Alichoiba ni udongo.

Inspekta Hudson Quashie alipiga magoti kando ya shimo. Lilikuwa katikati ya uwanja wa kriketi wa Bellemont, kwenye pichi yenyewe, ule ukanda mgumu ambao mpira hudunda mbele ya mpigaji. Upana wa sahani, kina cha vidole vinne. Fainali ilikuwa kesho.

"Mwenye ufunguo wa geti ni Cuthbert!" alifoka mwenyekiti wa klabu. "Mtie pingu. Kazi hana tena!"

Mzee Cuthbert Ollivierre, mtunza uwanja kwa miaka thelathini na tano, alisimama ameshika kofia mkononi. "Niichimbe pichi yangu mwenyewe, afande? Si bora nijing'oe jino?"

Inspekta alipitisha kidole shimoni. Kingo za shimo zilikuwa na alama za meno meno, za kisu cha mkate. Halafu kulikuwa na mahali penyewe. Akaenda akasimama kama mpigaji mbele ya vijiti vitatu anavyovilinda, akalitazama shimo: hatua nne mbele yake, nje kidogo ya mguu wa kushoto.

Alipajua. Akiwa na miaka kumi na tisa, amebakiza alama moja tu kufikisha hamsini, mrushaji Selwyn Ballantyne alidundisha mpira palepale. Ulipinda kama ulioitwa, ukang'oa kijiti cha kulia, naye akatolewa. Selwyn hakuwa na mahali pengine pa kudundishia. Mwaka uleule akahamia ng'ambo, Brooklyn, na Hudson hakuipata tena hamsini yake. Mpaka leo huuota mpira ule.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Bi Verlene wa jikoni tu," alisema Cuthbert.

Bi Verlene Providence alikuwa akiwaandalia wachezaji wa mazoezi chai. Mkate wa nazi aliumega kwa mikono.

"Tangu lini mkate wa nazi unamegwa, Bi Verlene?"

"Kisu kimepotea."

"Kilipotea jana, au alfajiri ya leo?"

"We Hudson, usinihoji kama mwizi. Nimekulisha hapa tangu hujaota ndevu."

"Ndiyo maana nauliza kwa adabu. Cuthbert anafukuzwa kazi."

Bi Verlene akauweka mkate chini. "Cuthbert? Kwa kosa gani?"

"Kwa udongo uliouchukua wewe."

Bi Verlene akakaa. Akavuta bati la biskuti chini ya meza. Ndani, kwenye kitambaa chenye maji, kulikuwa na kipande cheusi cha pichi, na kisu kando yake.

"Ni mimi, peke yangu. Selwyn amefariki Jumanne. Jumapili wanamzika hukohuko kwenye baridi, na mpwa wake anapanda ndege leo saa nane. Aliniambia nisubiri miaka miwili, Hudson. Nimesubiri thelathini na mmoja. Kila akipiga simu anauliza, 'Pale pangu pakoje?' Nikasema basi, kama hakujaliwa kupaona tena, alazwe napo."

"Mbona hukumwomba Cuthbert?"

"Angekataa. Pichi kwake ni mboni ya jicho."

Cuthbert alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaja, akausugua ule udongo kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Verlene, dada yangu, huu si wa Selwyn. Majivu ya volkano ya Soufrière yalipotufunika, nilitoa udongo wote wa juu nikaweka mpya. Selwyn hajapata kuugusa huu."

Bi Verlene alijifunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti.

"Ule wa zamani uliutupa wapi?" inspekta akauliza haraka.

Cuthbert alinyoosha kidole dirishani. Nyuma ya jiko ilistawi mibaazi ya Bi Verlene, imejaa maua. "Si uliniomba udongo wa kujazia pale, Verlene? Umesahau?"

Inspekta akaandika daftarini: mtuhumiwa amekiri, ameonywa, mali imerudishwa. Cuthbert akaibeba ile mali kwenda kuziba shimo. Mwenyekiti angenung'unika, na anung'unike.

Bi Verlene alichukua kisu chake, akapiga magoti penye mibaazi. Alichimba taratibu, Hudson akimshikia bati.

"Miaka yote namngoja arudi," alisema, sauti ikimkatika, "kumbe kila asubuhi nilikuwa nammwagia maji."